Yeremia 29:11 na rafu nzima ya vitabu: uanzie wapi?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Nimepewa kufundisha Yeremia 29:11 ("Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho") kwenye kikundi chetu cha kujifunza Biblia, kwa dakika arobaini. Nilikwenda maktaba ya chuo cha theolojia, nikatoa vitabu sita vya ufafanuzi na kushinda navyo siku nzima. Nimetoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Kimoja kinaeleza maisha ya Yeremia kana kwamba mwandishi alikuwepo, kingine kinasema huyo Yeremia hatuwezi kumfikia, cha tatu kimejaa habari za Kigiriki wakati mimi najua Agano la Kale ni Kiebrania. Na hadi sasa sijui "siku zenu za mwisho" ni siku gani. Ni mwisho wa dunia? Nilikosea wapi?

Jibu: Amina, dada yangu. Kosa lako ni dogo na karibu kila mtu hulifanya: ulianzia mwisho. Kitabu cha ufafanuzi ni majibu ya mtu aliyejiuliza maswali yake mwenyewe, na mara nyingi anabishana na wenzake ambao wewe huwajui. Ukiingia mikono mitupu katikati ya ubishi huo utasikia kelele tu. Virudishe vyote sita. Kaa na Biblia yako na karatasi moja kwa nusu saa, ndipo uinuke kwenda kwenye rafu ukijua unachokitafuta.

Nusu saa hiyo isiishie kwenye mstari wa 11. Soma sura ya 27 hadi ya 29 mfululizo, kwa sauti ukiweza. Utaona kwamba mstari wetu umo ndani ya barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliokwisha kuhamishiwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia, na wajumbe walioibeba barua wametajwa kwa majina. Mstari wa 5 unawaambia: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Mstari wa 10 unataja miaka sabini. Ndipo mstari wa 11 unaanza na neno "Maana". Liandike neno hilo juu kabisa ya karatasi yako, kwa sababu "maana" haianzishi habari, inaegemea iliyotangulia. Hapa inaegemea miaka sabini.

Sasa rudi sura ya 28. Hanania, nabii mwingine, yuko hekaluni anatangaza, kwa jina la Bwana yuleyule, kwamba mambo yatakwisha kwa miaka miwili: vyombo vya hekalu vitarudi, mateka watarudi, Yekonia atarudi. Miwili dhidi ya sabini. Mtu mzima aliyesikia barua ya Yeremia ikisomwa kule Babeli hakuhitaji mtaalamu wa kumwambia kwamba yeye mwenyewe harudi. Na hawakufurahi. Mwishoni mwa sura ya 29 yupo Shemaya, mmoja wa waliokuwa Babeli, anayeandika barua ya malalamiko Yerusalemu akiuliza kwa nini Yeremia hajakemewa. Mstari wa 28 unatupa muhtasari wake wa barua ya nabii: uhamisho utakuwa mrefu, jengeni nyumba. Huyo ndiye mfafanuzi wa kwanza wa andiko hili, na yeye aliisikia kama habari mbaya. Sisi tunaliandika kwenye kadi za pongezi.

Jambo jingine utaliona bila kitabu chochote, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko msomaji wa Kiingereza. Biblia yetu inasema "ninayowawazia ninyi". Ni wingi, kama ilivyo katika Kiebrania. Kiingereza cha siku hizi kina neno moja kwa mtu mmoja na kwa watu wengi, ndiyo maana mstari huu ukawa rahisi sana kuutundika ukutani kama ahadi ya mtu mmoja na kazi yake mpya.

Kufikia hapo karatasi yako itakuwa na maswali ya kweli. "Siku za mwisho" ni nini? Hao watu walichukuliwa lini, na waliishije huko? Kwa nini vitabu vinang'ang'ania Kigiriki? Kila swali lina rafu yake.

Anza na maneno. Chombo chake ni itifaki, kile kitabu kinachokuonyesha kila mahali neno fulani lilipotumika katika Biblia. Lakini jihadhari, kwa maana itifaki ya Kiswahili inafuata maneno waliyoyachagua watafsiri wa Kiswahili, na ukitafuta "siku za mwisho" itakupeleka moja kwa moja 2 Timotheo 3:1, kwenye nyakati za hatari, au Matendo 2:17. Nadhani ndiko hofu yako ya mwisho wa dunia ilikotoka. Unachohitaji ni itifaki inayofuata neno la Kiebrania lililo chini ya tafsiri. Ya Strong, iliyotoka mwaka 1890, ililipa kila neno la asili namba yake, na namba hizo hadi leo ndizo zinazotumika katika vitabu na programu nyingi, zikiwemo za bure. Humhitaji Strong mwenyewe kwa maana za maneno, maelezo yake ni mafupi mno. Unaihitaji ile namba.

Ukifuata namba, Yeremia 29:11 inafunguka. Katika Kiebrania hakuna neno "siku" hapo. Yako maneno mawili yaliyounganishwa kwa "na": *aharit*, namba 319, yaani mwisho, kile kinachokuja baadaye, jinsi jambo linavyoishia, na *tikva*, namba 8615, tumaini. Kwa hiyo ni "mwisho na tumaini". Fuata namba 319 nawe utafika Ayubu 42:12, ambapo Bwana aliubariki mwisho wa Ayubu kuliko mwanzo wake. Utafika Mithali 23:18, na hapo ndipo penye hazina, kwa sababu maneno yote mawili yamo pamoja tena. Lakini watafsiri wetu hawakusema "mwisho", walisema "thawabu": "Maana bila shaka iko thawabu, na tumaini lako halitabatilika." Vivyo hivyo Mithali 24:14. Itifaki ya Kiswahili isingekuonyesha uhusiano huo hata ungeipekua mpaka usiku. Halafu utafika Yeremia 31:17, ambapo Raheli anayewalilia wanawe anaambiwa liko tumaini, na sababu inatajwa palepale: watoto watarudi mipakani mwao. Hilo ni jambo la ardhi na wajukuu, halihusu kiyama. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, si mwisho wa dunia. Ni kwamba habari yenu ina mbele, haikatikii Babeli.

Weka sambamba tafsiri mbili tatu na utaona watafsiri wenyewe walivyohangaika. Ya Muungano ya mwaka 1952 ina "mawazo ya amani" na "siku zenu za mwisho". Ile iitwayo Neno ina "mipango" na "siku zijazo", ambayo ni nafuu kwa wasikilizaji wako; lakini mahali penye "amani" ina "kuwafanikisha", na hapo napenda ya zamani. Neno la Kiebrania ni *shalom*, na ndilo lilelile lililorudiwa katika mstari wa 7: "Kautakieni amani mji ule". Ukitafsiri "amani" pale juu na "mafanikio" huku chini, msomaji hataona kwamba ahadi ya mstari wa 11 imefungwa kwenye agizo la mstari wa 7, na kwamba amani yao ilipitia kwenye amani ya mji wa watu waliowateka.

Kabla hujaondoka kwenye maneno, nikuonye kwa aibu yangu mwenyewe. Namba 8615 ina maana nyingine: katika Yoshua 2:18 *tikva* ni ile kamba nyekundu aliyoambiwa Rahabu aifunge dirishani. Miaka ya mwanzo ya ualimu wangu nililiona hilo kwenye kamusi nikashangilia, nikafundisha saa nzima kwamba tumaini ni kamba. Mzee mmoja alinyoosha mkono akauliza taratibu, "Kwa hiyo mwalimu, Rahabu alifunga tumaini dirishani?" Watu walicheka na alikuwa sahihi. Neno huchukua maana kutoka kwenye sentensi lilimo, halibebi maana zake zote kila linapokwenda. James Barr, msomi wa Agano la Kale, aliwachapa wasomi wa Biblia kwa kosa hilohilo mwaka 1961, kwa hiyo angalau nilikuwa na wenzangu.

Swali la historia halimo kwenye fafanuzi peke yake. Anza na kamusi ya Biblia au ensaiklopidia. Kubwa iliyo katika maktaba nyingi za theolojia ni ile ya Anchor ya mwaka 1992, juzuu sita. Soma makala kuhusu Yehoyakini, ambaye ndiye Yekonia, na kuhusu uhamisho. Mwishoni mwa kila makala kuna orodha ya vitabu. Hiyo orodha ndiyo faida kubwa ya ensaiklopidia, nayo watu wengi huiruka.

Kisha toka kwenye rafu za dini. Wengi hawajui kwamba vitabu vinavyowahusu viko pia upande wa pili wa jengo. Maktaba inayotumia mpangilio wa namba wa Dewey huweka Biblia kwenye 220, manabii kwenye 224, na Yeremia hasa kwenye 224.2. Lakini historia ya kale ya Palestina iko 933, na ya Mesopotamia, yaani Babeli yenyewe, iko 935. Huko utakutana na mambo matatu ambayo yangebadilisha siku yako ile yote.

La kwanza ni kumbukumbu za kila mwaka za wafalme wa Babeli, kibao kilichochapishwa na Donald Wiseman mwaka 1956. Kinaandika kwamba Nebukadreza alizingira mji wa Yuda, akauteka katika mwezi unaolingana na Machi mwaka 597 K.K., akamkamata mfalme na kumweka mwingine amtakaye. Hao ndio waandikiwa wa barua yetu, na mfalme huyo aliyekamatwa ni Yekonia.

La pili ni vibao vilivyofukuliwa katika jumba la kifalme Babeli na kuchapishwa na Ernst Weidner mwaka 1939. Ni orodha za posho, vitu vya stoo tu, na ndani yake wameandikwa Yehoyakini mfalme wa Yuda na wanawe watano, na mafuta waliyopimiwa. Tafsiri yake imo katika mkusanyo mkubwa wa maandiko ya Mashariki ya Kale uliohaririwa na James Pritchard, ambao maktaba nyingi za theolojia wanao. Fikiria: Hanania anaahidi mfalme atarudi baada ya miaka miwili, na karani wa Babeli anampimia mfalme huyo mafuta na kuandika.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Mwaka 2014 Laurie Pearce na Cornelia Wunsch walichapisha hati zaidi ya 100 za udongo kutoka Babeli, nyingi zikitaja kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, yaani Mji wa Yuda. Miaka yake ni kati ya 572 na 477 K.K. Ni mikataba na risiti: mashamba, kodi, shayiri, tende, madeni, na watu wenye majina yaliyobeba jina la Mungu wa Israeli. (Hazikufukuliwa na wanaakiolojia, zilipitia soko la vitu vya kale, na hilo ni doa ambalo wasomi wanalijadili.) Walijenga, walipanda. Hatuwezi kusema walifanya hivyo kwa sababu ya barua ya Yeremia, lakini maisha ambayo barua iliyaagiza tunayaona yakiendelea katika risiti.

Kwa sababu ya mambo kama haya, kila ukitoa kitabu funua nyuma ya ukurasa wa jina na utazame mwaka kilipochapwa mara ya kwanza. Usidanganywe na jalada jipya. Ufafanuzi wa Matthew Henry umejaa intaneti kwa sababu hauna tena hakimiliki. Alifariki mwaka 1714, zaidi ya karne moja kabla mtu yeyote hajaweza kusoma maandishi ya Babeli. Kwa kutafakari bado ananilisha. Kwa historia ya uhamisho simuulizi.

Sasa ndipo uviendee tena vile sita, na utashangaa vimetulia. Kutopatana kwao kuna sababu, nayo hupatikana kwenye utangulizi ambao naamini uliuruka. Mwaka 1986 pekee vilitoka vitabu vitatu vizito juu ya Yeremia kwa Kiingereza. William Holladay aliamini tunaweza kuyapanga maneno ya nabii katika miaka ya maisha yake. Robert Carroll alitilia shaka kwamba nyuma ya kitabu hiki tunaweza kumfikia mtu mwenyewe. Aliyaona zaidi maandishi ya jamii iliyokuja baadaye. William McKane alikiona kitabu kama kitu kilichozidi kukua, aya moja ikivuta nyingine. Watu watatu, mwaka mmoja, maandiko yaleyale. Ukijua mtu anasimama wapi, huhitaji kuamua nani mshindi ili utumie kazi yake: kwa kila neno la Kiebrania namsoma McKane, ingawa ni mkavu kama jangwa. Changanya vizazi na mahali pia. Jerome, mfafanuzi wa Kanisa la kale, alifariki akiwa amefika sura ya 32, kwa hiyo sura yako anayo. Na ule ufafanuzi wa juzuu moja ulioandikwa na wasomi 70 wa Afrika chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo, wa mwaka 2006, ni mfupi kwa kila mstari lakini unauliza maswali ambayo Wajerumani hawaulizi. Viwili au vitatu vinatosha. Sita ni kujitesa.

Kuhusu Kigiriki: Wayahudi walitafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki karne kadhaa kabla na karibu na wakati wa Kristo, na tafsiri hiyo inaitwa Septuaginta. Yeremia wa Kigiriki ni mfupi kuliko wa Kiebrania kwa takriban moja ya nane, na sura zake zimepangwa tofauti, hata sura yetu ya 29 huko ni ya 36. Zamani ilikuwa rahisi kusema mtafsiri alikata tu. Lakini miongoni mwa magombo ya kale ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kupatikana mwaka 1947, kuna vipande vya Yeremia vya Kiebrania vinavyoufuata ule mfupi. Kwa hiyo kulikuwa na matoleo mawili yakisomwa. Na katika mstari wako, Kigiriki hakina "mwisho na tumaini". Kinaishia na kuwapa "mambo haya". Mstari wa 16 hadi wa 20 haumo kabisa. Je, uwaambie kikundi? Mimi nisingeanza nalo, ila mtu akiuliza, jibu bila kigugumizi. Maneno ya amani yamo kote kuwili.

Ukibaki na muda, makala za majarida. Kanzidata ya Atla, yaani orodha ya kielektroniki ya makala za dini na theolojia, inakuruhusu kutafuta kwa sura na mstari, badala ya kubahatisha maneno. Katika katalogi ya Kiingereza andika "Jeremiah", maana "Yeremia" haitaleta kitu. Na ipo mbinu nzuri ambayo wanafunzi huipata wakiwa mwaka wa mwisho: vitabu vingi vya kitaalamu vina faharasa ya Maandiko kurasa za nyuma. Chukua kitabu chochote kuhusu uhamisho, fungua nyuma, tafuta Yer 29, na ndani ya dakika moja unajua kama kina neno kwako. Vitabu visivyoruhusiwa kutoka, piga nakala ya kurasa unazozihitaji pamoja na ukurasa wa jina, la sivyo wiki ijayo utakuwa na maneno yasiyo na mwenyewe.

Na mkutubi. Usimwambie "nataka kitu kuhusu tumaini". Mwambie, "Natafuta namna Wayahudi walivyoishi Babeli baada ya 597." Utaona anavyoinuka kitini.

Mtego mmoja uukwepe: hesabu ya miaka sabini. Kutoka 597 hadi Babeli kuanguka mwaka 539 ni miaka 58, na kuna njia kadhaa za kufikisha sabini, kila moja na watetezi wake. Hata Danieli, sura ya 9, alikuwa akivisoma vitabu kwa ajili ya hesabu hiyo. Dakika zako arobaini zitamezwa humo na hutatoka.

Kwa kikundi chako, yote haya yabaki kwenye karatasi. Wasimulie Hanania na miaka yake miwili, waache wampende kidogo. Wasomee barua tangu mstari wa 4, usimame kwenye wa 10. Halafu, kabla ya kuusoma wa 11, ruka hadi wa 28 na uwaulize: Shemaya alikasirikia nini?